Juzuu ya Kumi na Tatu

Nilihitimu Kurani nikiwa na miaka kumi na mmoja, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa hamali bandarini, alinibeba begani kutoka chuoni mpaka nyumbani kwetu Unguja, mitaa ya Ng'ambo, wenzangu wakiimba kasida nyuma yetu, na mama alipika pilau akalisha mtaa mzima. Ukurasa wowote ambao ungenifungulia ningeusoma, haraka, bila ya kukwama, na sikuwa najua maana ya hata mstari mmoja. Hakuna aliyeona kuwa hapo pana kitu kimepungua. Mimi mwenyewe sikuona.

Nilionyeshwa nilipokwenda chuo kikuu, bara. Niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja alikuwa Mkristo kutoka nyanda za juu, kijana mpole asiye na nia ya kumuudhi mtu. Asubuhi moja nilikuwa nasoma kwa mazoea tu, huku natafuta viatu, akaniuliza:

"Hayo unayosoma yanasema nini?"

"Ni maneno ya Mungu."

"Ndiyo, lakini yanasema nini?"

"Ni marefu," nikamwambia.

Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza kuhoji kila kitu: vitabu, walimu, viongozi, mpaka sala zangu mwenyewe. Nikajiambia kwamba mtu hawezi kuamini kitu asichokielewa, wala hawezi kukikataa. Kwa hiyo nitajifunza Kiarabu, nitaisoma Kurani mwenyewe, kisha ndipo nitaamua. Tafsiri zilikuwepo, lakini sikuzitaka. Tafsiri ni mtu mwengine aliyesoma akaja kuniambia alichokiona, na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa.

Niliporudi Unguja nikapangiwa kusomesha hesabu katika skuli moja ya mjini. Mwalimu wa Kiarabu nilimpata Malindi. Alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye zamani alisomesha lugha hiyo skuli, na wakati ule alikuwa anaishi kwa kushona kofia, zile za vitobo vidogo vidogo ambazo mkono hukaa nazo miezi. Ndugu zake karibu wote walishaondoka baada ya Mapinduzi. Yeye alibaki, na ukimuuliza kwa nini, alisema kofia zake zinamtosha.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja tu. Mimi nilisoma, yeye alishona. Kitabu hakukitazama. Nikilipita neno nisilolijua maana yake, sindano yake ilisimama. Sijui alijuaje, nadhani sauti hubadilika. Sindano ikisimama nilirudi nyuma.

"Hujalielewa hilo," alikuwa akisema. "Basi unavuka unakwenda wapi?"

Siku nyengine tulimaliza mistari mitatu. Siku nyengine mmoja. Nilikuja kuupenda ule mwendo wa polepole, na kusema kweli nilianza kujivunia.

Kwake niliingia kwa uchochoro wa nyuma. Nyakati zile, mwalimu wa skuli kuonekana kila alasiri nyumbani kwa Mwarabu, tena na kitabu cha Kiarabu kwapani, lilikuwa jambo la kuulizwa, na mimi nilikuwa mtu wa kuogopa macho ya watu kuliko nilivyojua. Siku moja nilikuwa sokoni Darajani na walimu wenzangu wawili, yeye akapita na furushi lake la kofia. Akanitazama, akapunguza mwendo. Mimi nikageuka nikaanza kumuuliza muuza samaki bei ya changu. Kesho yake niliingia kwake nimejitayarisha kwa maneno mengi, naye akachukua sindano, akasema, "Tulifika wapi?"

Lakini huku Ng'ambo, barazani kwa muuza kahawa, sikuwa na woga hata kidogo. Pale tulikaa tuliosoma chuo kimoja utotoni. Mmoja wao alikuwa seremala, mtu wa maskhara, na ndiye aliyekuwa mtunzaji wa sanduku la juzuu la msikiti wa mtaani. Jioni moja, sijui nani alichokoza mazungumzo, nikawaambia kwamba wao wote wanasoma Kurani kama kasuku.

"Kama kasuku?" Seremala akaweka kikombe chini. "Na wewe usiye kasuku, yakhe, umefika wapi?"

"Nusu ya Baqara," nikasema. Baqara ni sura ya pili tu, ingawa ndiyo ndefu kuliko zote.

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi."

Wakacheka mpaka muuza kahawa akacheka. "Miezi kumi nusu ya Baqara! Huyu atahitimu siku ya kiama, akiwa kwenye mstari wa kuhesabiwa!"

Nikawaambia kwamba heri nusu ukurasa kwa akili kuliko msahafu mzima kwa ulimi. Nililisema kwa sauti ya darasani. Seremala akanunua kahawa nyengine, na ya kwangu akaiagiza yeye.

Babu alifariki mwaka wa pili tangu nirudi. Kisiwani aliingia akiwa kijana kutoka bara, akabeba magunia ya karafuu mpaka mgongo ukakataa. Chuoni alianza mtu mzima, akikaa mkekani na watoto wa watu, akachapwa na kuchekwa kama wao, lakini kazi ilimrudisha nyuma kila mara na hakufika mbali. Kuhitimu hakuhitimu. Ndiyo maana siku yangu alinibeba begani yeye, na hakukubali baba anipokee hata pale kwenye kilima kidogo.

Arubaini yake iliangukia wakati wa shida ya chakula. Mchele ulikuwa wa foleni, sukari ya foleni, sabuni ya foleni. Mama alikaa na wifi zake akatafakari siku tatu, akakata shauri kwamba patakuwa na kahawa, kashata na muhogo wa nazi, basi. Kwa mama hilo lilikuwa jambo zito. Mzee wa watu kuagwa kwa muhogo! Aliniita jikoni, nikaitika naam, akaniambia huku amenipa mgongo:

"Pilau ya kumpikia baba yangu sina. Lakini hitma yake itatimia. Yeye mwenyewe hakupata kuhitimu, basi sisi tumhitimie. Juzuu zote thelathini. Umenisikia? Asibaki na pengo."

"Itatimia, mama."

"Na wewe uwemo. Wewe unaelewa."

Alasiri ya siku ile watu walikaa barazani kwetu na chini ya turubali tuliloazima. Wanawake walikuwa ndani, upande wa dirisha. Kabla ya kuanza nilimsikia mama akiwaambia: "Leo baba anasomewa na mtu anayejua kinachosemwa." Mmoja akamjibu kwamba hilo ni bahati ya wachache. Nilitazama chini, lakini nilifurahi.

Labda si kila msomaji ameiona hitma ya namna hii. Kurani hugawiwa katika vijitabu thelathini, kila mtu huchukua juzuu yake, na wote husoma kwa wakati mmoja kwa sauti ya chini, kila mmoja na pahali pake. Ukiwa nje husikii maneno, unasikia mvumo tu. Kila amalizaye hurejesha juzuu sandukuni. Zikirudi zote, Kurani nzima imesomwa kwa muda wa nusu saa hivi, na thawabu zake humfikia maiti. Tulikuwa watu ishirini na sita, kwa hivyo wanne walichukua mbili mbili. Seremala alipita akigawa. Aliponifikia akanipa ya kumi na tatu.

"Wewe ningekupa mbili, msomi," akasema polepole, "lakini leo nakuonea huruma."

Waliokuwa karibu wakatabasamu. Nikaichukua, nikaifungua, nikaanza.

Inaanzia katikati ya sura ya Yusuf. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia, kwa sababu mpaka siku ile kuelewa kwangu kulikuwa ni kwa kuchimba, neno baada ya neno. Siku ile sikuchimba. Maneno yalikuja yenyewe. Niliwaona ndugu wa Yusuf wamekuja kutoka mbali kutafuta chakula wakati wa njaa, wanapimiwa nafaka, wana wasiwasi wasije wakanyimwa kipimo, na nikaiona foleni ya mchele ambayo mama alisimama Jumatatu nzima. Nilimwona baba yao akigeuka awape mgongo, akimlilia mtoto aliyepotea mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Nikasimama. Nikarudi juu nikausoma tena mstari ule, kisha mara ya tatu. Macho ya babu mwishoni yalikuwa meupe hivyo hivyo, na mimi siku zote nilijua ni mtoto wa jicho tu.

Nilipofika mwisho wa sura ya Yusuf niliinua kichwa. Mvumo ulikuwa umepungua. Walikuwa wanasikika watu watatu, wanne. Wengine wameshafunga, wamekaa na tasbihi, na baadhi yao wananitazama. Mbele yangu zilibaki sura mbili nzima, Ra'd na Ibrahim, zaidi ya nusu ya juzuu.

Halafu akabaki mmoja. Halafu mimi.

Seremala akainama karibu yangu. "Bado, yakhe? Hebu nipe nusu nikupunguzie."

Nataka hili lieleweke, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuomba msaada kwenye hitma si aibu. Kila hitma huwa na wawili watatu wanaochelewa, macho mabovu au ulimi mzito, na jirani huchukua kurasa zao akamalizia. Seremala aliponiuliza hakuwa na maskhara usoni. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Ningempa, ingekuwa dakika kumi, watu wangesubiri wakikohoa, na babu angepata haki yake. Lakini ndani ya macho yake niliona lile neno langu mwenyewe, kasuku. Niliona nusu ya Baqara. Niliona nitakavyokuwa barazani jioni, msomi aliyeshindwa na hitma ya babu yake.

"Nshamaliza," nikasema, nikaifunga.

Akanitazama kidogo. "Mashallah," akasema. Akaichukua, akazihesabu sandukuni kwa kidole, akamgeukia mzee wa kuongoza dua. "Thelathini. Zimetimia, sheikh."

Chetezo kikapitishwa, ubani ukajaa barazani. Tukasoma zile sura fupi za mwisho kwa pamoja, na aliyetuongoza akaomba dua ndefu, kwamba Mola amfikishie mzee wetu thawabu za Kurani hii tuliyoihitimisha kwa ajili yake. Nikaitikia amin. Niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na kutoka ndani nikaisikia amin ya mama.

Usiku sikuwa na la kufanya ila kubishana na nafsi yangu, na kubishana ninakujua. Nilijiambia kwamba Mungu, kama yupo, si karani wa kuhesabu kurasa. Nilijiambia kwamba ile theluthi moja niliyoisoma kwa kuelewa ina uzito kuliko juzuu nzima ya mwengine. Hoja zilikuwa nzuri, ningeweza kuziandika zikapata alama. Lakini kila nilipomaliza kulikuwa na swali moja lililobaki limekaa. Kama kurasa hazina maana, kwa nini nilidanganya? Asiyeamini kitu chochote angesema tu, sijamaliza, endeleeni. Mimi nilisema uongo kama mtu anayejua hasa alichokiiba.

Mama ndiye aliyenimaliza. Asubuhi yake aliniuliza nilipata juzuu gani na ndani yake mna nini, nikamsimulia habari za Yusuf na baba yake. Nilisimulia vizuri, hadithi ile mtu hawezi kuiharibu. Nilipofika kwenye yale macho, mama alishika ncha ya kanga akajifuta, akasema, "Basi baba kasomewa hayo," akaenda kumwita jirani yake aje kusikia. Nikasimulia tena. Kesho yake wakaja wengine wawili. Mmoja wao, bibi mtu mzima aliyesoma sana ujanani, akaniuliza kwa upole:

"Na baada ya Yusuf, mwanangu, inafuata Ra'd, au siyo? Nayo inasemaje?"

"Nayo ni marefu, bi mkubwa," nikasema.

Mama akacheka kwa furaha. "Kachoka mwanangu. Mwacheni."

Nilikwenda Malindi nikamweleza mzee wa kofia. Nakiri nilikwenda kutafuta wakili. Yeye ndiye aliyenifundisha kwenda polepole, yeye ndiye aliyekuwa akisimamisha sindano. Nilitaraji aseme kwamba nimefanya sawa kutovuka nisichokielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akishona.

"Hapa kwangu," akasema, "ukisoma mstari mmoja, mstari ni wako. Ukisoma nusu, nusu ni yako. Kule walikupa kitu chako?"

"Hapana."

"Kilikuwa cha nani?"

"Cha babu."

"Na cha watu ishirini na tano waliokaa wakasoma, wakaondoka wanajua wamehitimisha." Akakata uzi kwa meno. "Wewe una tabia ya kuona haya pasipostahiki haya. Nimeshaiona."

Hakuitaja Darajani. Hakuwa na haja. Nikainama nikatazama mkeka wake, na nikaona kwamba sehemu niliyozoea kukaa ukindu wake ulikuwa umeshalika, na kwamba muda wote huo sikuwahi hata siku moja kuingia kwake kwa mlango wa mbele.

Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikaenda nyumbani moja kwa moja kabla sijapata hoja nyengine. Mama alikuwa uani, anachagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mama, juzuu ya babu sikuimaliza."

Mkono wake uliendelea kuchagua, jiwe moja, jiwe la pili. "Juzuu gani?"

"Ile yangu. Niliifunga kabla. Nikasema nshamaliza."

Akauweka ungo chini. "Ulifika wapi?"

"Mwisho wa Yusuf."

Nilijua anahesabu: siku zile zote, jirani, bi mkubwa, amin aliyoitikia dirishani. Nilitaraji ukali. Nilikuwa nauhitaji. Lakini alisema kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Kwa hivyo baba ana pengo."

Nikaanza kumweleza. Nikasema kwamba nilielewa kwa mara ya kwanza, kwamba nilisimama kwa sababu ya yale macho, kwamba nilimfikiria yeye. Aliinua kiganja nikanyamaza.

"Nenda katie udhu."

Niliporudi alikuwa amejifunika, amekaa mkekani sebuleni, na msahafu wa nyumbani uko juu ya marufaa, umeshafunguliwa kwenye Ra'd. Alipata ukurasa haraka. Nikakaa mbele yake, nikaanza. Mistari miwili ilikwenda. Wa tatu ukanishika, palikuwa na neno nililolijua nusu, nikasimama.

"Mbona umesimama?"

"Nnatafuta maana yake."

"Utaitafuta siku yako. Leo msomee babu yako. Soma kama ulivyokuwa ukisoma chuoni."

Nikasoma kama nilivyokuwa nikisoma chuoni. Sikudhani bado ninaweza, lakini ulimi ulikuwa haujasahau kitu. Kiwiliwili kikaanza kuyumba chenyewe, mbele na nyuma, na kurasa zikafunuka. Maneno ambayo nilikuwa nimetumia wiki nzima kuyajua yalinipita kama jamaa unayemwona barabarani nawe umo ndani ya gari linalokwenda mbio: unamtambua, na keshapita. Ra'd ikaisha. Nikaingia Ibrahim. Sikuwa naelewa chochote, na mama alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

Karibu na mwisho, sauti yake ikaja juu ya yangu. Ilikuwa ile dua ya kuwaombea wazazi maghufira, ambayo yeye huisoma kila baada ya sala, na ambayo alinifundisha kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Sikuwa nikijua kuwa imo humo. Nilikuwa nimeitamka maisha yangu yote na sikujua kwamba inatoka katika kurasa zile zile nilizozifunga. Mama hakuwa na Kiarabu cha kununulia hata chumvi, lakini hapo alikuwa anajua kila neno analolisema na analisema kwa nani. Mikono yake ilikuwa imeinuka. Mimi, mwenye Kiarabu, ulimi ulikuwa umeshanivusha, niko mistari miwili mbele yake. Nikataka kurudi.

"Usisimame," akasema, machozi yanamtoka. "Maliza."

Nikamaliza. Akaitikia amin, akachukua msahafu, akaubusu, akaurudisha mahali pake juu. Hakuniuliza kile nilichosoma kinasema nini. Alirudi uani kwenye maharage yake, na mimi nikabaki sebuleni nimekaa, kifua kinanienda kama nimekimbia.

Wiki ile ile bi mkubwa alikuja na mdogo wake, akaomba nimsimulie na yeye habari za Yusuf na baba yake. Nilikuwa chumbani, mlango uko wazi. Mama aliwakaribisha, akawapa vigoda, akawauliza hali za watoto. Kisha akasema, bila ya kuigeuza sauti yake upande wangu:

"Mwache, dada yangu. Bado anajifunza."